Safari ya mzigo Hong Kong na Guangzhou, kadi mkononi

Jumapili, Hong Kong

Tumetua mchana tukitokea Doha, miguu imevimba. Nimekuja na mtoto wa kaka yangu, ambaye hajawahi kutoka nje ya nchi. Baba yake aliniambia, "Dada, nenda naye akaone mali inatoka wapi, asidhani kava za simu zinaota Kariakoo." Basi kijana yuko nami, begi mgongoni, macho kila upande.

Kabla ya chakula na kabla ya laini ya simu, nimempeleka kwenye kaunta ya treni ya uwanja wa ndege tukanunua kadi za Octopus, za kulipia nauli na hata dukani. Kadi ya mtu mzima ni dola 150 za Hong Kong: dola 100 ni salio la kutumia, dola 50 ni amana unayorudishiwa ukirudisha kadi. Dada wa kaunta alipokea noti, akasukuma kadi, akamwita mteja anayefuata.

"Shangazi, mbona hawajaniuliza hata jina?"

Hawana haja nalo. Kwetu laini ya simu tu inataka kitambulisho cha NIDA na alama za vidole, ndiyo maana kijana alibaki ameshika kadi anasubiri fomu. Kadi ya kawaida ya Octopus haina jina wala picha. Ni fedha taslimu iliyobadilishwa umbo, na ukiipoteza umepoteza, hakuna wa kumlilia.

Tukapanda basi A21, la ghorofa, linalopita Nathan Road. Pale mlangoni kwa dereva kuna mashine ya kugusisha kadi, na pembeni yake kisanduku cha kutumbukiza hela. Kisanduku hicho hakirudishi chenji. Nauli ni dola thelathini na kitu, kwa hiyo mgeni aliyetoka kubadilisha fedha akapewa noti za mia tupu ana mawili: atumbukize mia asamehe iliyobaki, au ashuke. Mbele yetu mzee mmoja wa Kizungu alisimama pale anapekua mifuko yote, foleni nyuma yake inahema. Sisi tuligusisha, kamlio kadogo, kioo kikaonyesha kilichokatwa na kilichobaki, tukapita. Dereva hakugeuza hata shingo. Anasikiliza mlio tu.

Tumelala Chungking Mansions. Kwa wasioijua: ni jengo la mwaka 1961, ghorofa 17, vitalu vitano juu ya sakafu za maduka, na huko chini utakuta wabadilisha fedha, wauza simu, wapika biriani na wanaokuvuta shati ulale kwao. Miaka ya 2000 wafanyabiashara wa Afrika Mashariki walijaa humu wakinunua simu. Siku hizi wengi wanakwenda Guangzhou moja kwa moja, lakini kwenye foleni ya lifti bado Kiswahili kinasikika. Leo nimemsikia mtu nyuma yangu akilalamika, "Hii lifti na foleni yake, bora pantoni."

Jumatatu, Sham Shui Po

Kituo cha treni cha Tsim Sha Tsui kina mlango hatua chache kutoka tulipolala. Geti za MTR, treni za mjini hapa, ni rahisi: unagusisha ukiingia, unagusisha ukitoka, nauli inakatwa unapotoka kulingana na kituo ulichoanzia. Wenyeji hata hawaitoi kadi. Mama mmoja alinyanyua mkoba mzima, akaulaza juu ya mashine bila kupunguza mwendo, geti likafunguka, akaendelea kuongea na simu. Kijana naye alitaka kujaribu na begi lake la mgongoni. Nikamwambia atoe kadi kistaarabu, watu wanawahi kazini.

Ndani ya treni akaniuliza betri ya kadi inakaa muda gani. Haina betri. Ndani ya ile plastiki kuna waya mwembamba uliozungushwa kufuata kingo, na chipu ndogo. Mashine ya geti inatoa uga wa sumaku. Kadi ikisogea karibu, ule waya unapata umeme wa kutosha kuiamsha chipu, zinatambuana kwa namba zao za siri, salio linasomwa, linapunguzwa na kuandikwa upya, na yote hayo yanachukua kama sekunde 0.3. Teknolojia yenyewe ni FeliCa, ya kampuni ya Sony ya Japani. Wajapani nao waliitumia kwenye kadi yao ya Suica mwaka 2001, lakini Hong Kong ilitangulia: Octopus ilianza tarehe 1 Septemba 1997.

Na hapa kuna jambo ambalo sisi tuliozoea pesa za simu hatulifikirii. Salio limo ndani ya kadi yenyewe. Basi likiwa katikati ya handaki chini ya bahari, bila mtandao, bado linakata nauli, na kumbukumbu zinatumwa makao makuu baadaye. Hakuna "subiri kidogo mtandao unasumbua", hakuna abiria anayemwonyesha konda ujumbe wa muamala ambao konda hajaupata. Ndiyo sababu inawezekana kupitisha watu geti moja baada ya jingine bila mtu kusimama.

Sham Shui Po ni kwa ajili ya kuangalia bei. Mtaa wa Apliu una meza za nje zenye chaja, waya, tochi, redio za zamani, saa zilizokufa. Hapa mazungumzo ni kikokotoo: yeye anaandika 14, mimi nafuta naandika 9, yeye anacheka kwa uchungu, anaandika 12. Kwa meza hizi nilikuwa na noti, kwa sababu wauzaji wengi wa nje bado wanataka noti. Kuvuka barabara tu, kwenye duka la 7-Eleven, mtoto wa shule mwenye sare alinunua maziwa ya boksi kwa kugusisha kadi ileile aliyopandia treni. Kuna shule zinazosajili mahudhurio kwa kadi hiyo, na kuna majengo ambayo mlango wa chini unafunguka kwa kadi hiyo hiyo.

Jioni tulipita kwenye jengo la maduka lenye mashine imesimama peke yake ukutani, haiuzi kitu. Nikamwambia kijana agusishe. Akagoma: "Inakata bei gani?" Haikati. Ni mashine ya MTR ya punguzo: ukigusisha kadi pale halafu ukapanda treni siku hiyo kwenye kituo kilichotajwa, nauli inapungua dola moja au mbili. Wanakulipa utembee kwa miguu mpaka kituoni kwao badala ya kupanda basi. Aligusisha mara mbili, kwa tamaa. Ya pili haikuongeza kitu.

Kwenye duka kubwa la vyakula mhudumu alimwonyesha tangazo la kusajili kadi apate pointi. Akanitazama. Nikamwambia aachane nalo, na sikumficha sababu. Mwaka 2010 Hong Kong nzima ilichafuka ilipofahamika kuwa kampuni ya Octopus ilikuwa imeuza taarifa za wateja karibu milioni mbili, wa mpango wake wa pointi, kwa washirika wa kibiashara, na kupata dola milioni 44. Mkuu wa kampuni alijiuzulu. Waliokuwa na kadi zisizo na jina hawakuwa na cha kuuzwa. Pointi za kununulia sabuni, kwa mtu anayekaa wiki moja, za nini?

Jumanne, ng'ambo ya bandari

Siku fupi, mvua nyingi. Nilikuwa na miadi na wakala wa mizigo upande wa kisiwani, Sheung Wan.

Tulivuka kwa Star Ferry, boti za kijani na nyeupe zinazopita hapa chini ya kampuni hiyo tangu 1898. Mtu wa Dar hawezi kupanda boti hii bila kukumbuka pantoni ya Magogoni. Muda wa kuvuka haupishani sana, upepo ni uleule, na pande zote mbili majengo marefu yanakutazama. Tofauti iko kabla ya kupanda. Hapa kila mtu anagusisha kwenye geti la kuzunguka na kupita, nauli haifiki dola kumi. Kwetu pantoni nayo ina N-Card, kwa nauli ya shilingi 200, na siku geti zinapokwenda vizuri unavuka bila kushika sarafu. Kijana anaishi Kigamboni, kwa hiyo alikagua geti za watu kwa jicho la fundi. Alipata kasoro moja: hakuna anayeuza karanga.

Upande wa pili tukapanda tramu. Zinakimbia kisiwani tangu 1904, za ghorofa, nyembamba, zinapiga kengele. Unapanda kwa mlango wa nyuma bila kulipa, unashuka kwa mbele karibu na dereva, na hapo ndipo unagusisha. Nauli ni moja, ukae kituo kimoja ukae mwisho wa reli. Kulipa wakati wa kushuka kunaonekana jambo dogo, ila angalia kituo cha watu wengi: wanaopanda hawasubiriani mlangoni kwa sababu ya nauli, na wanaoshuka wanatoka mmoja mmoja tayari kadi mkononi. Foleni imehamishiwa mahali ambapo haiumizi.

Wakala amepandisha bei ya kilo. Sitaki kulizungumza.

Tulirudi usiku kwa taksi, zile nyekundu, kwa sababu nilibeba sampuli. Nikanyanyua kadi, dereva akatikisa kichwa na kusugua vidole: hela. Nikamlipa hela.

Jumatano, Chungking

Mvua imetufungia ndani, na nimeshukuru. Kwenye mgahawa wa Wapakistani ghorofa ya kwanza tulikutana meza moja: mimi na kijana, kaka mmoja wa Nairobi mwenye duka la simu Luthuli Avenue, na kaka wa Kigali anayenunua taa za sola. Chai ya maziwa, chapati, na mazungumzo ya masaa.

Kijana ndiye aliyeanzisha. Aliweka kadi mezani akasema, "Hii kitu ikija kwenye daladala, makonda wamekwisha."

Kaka wa Nairobi akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Ilikuja, bwana mdogo! Nairobi, 2013. Google wenyewe, na benki ya Equity. BebaPay. Kadi ilikuwa bure kabisa, unapewa tu stejini. Serikali nayo ikasema kufika Julai 2014 hakuna matatu kupokea cash. Leo uliza mtu yeyote stejini kama anaikumbuka." BebaPay ilifungwa mwaka 2015.

"Sasa ilishindwa na nini? Mtandao?"

"Mtandao wapi! Kadi ilifanya kazi vizuri sana. Hiyo ndiyo ilikuwa shida."

Akamweleza, nami nikaongezea kwa upande wa Dar, maana ni hadithi moja yenye majina mawili. Mwenye gari anataka hesabu yake ya siku, tuseme kiasi fulani jioni. Kinachozidi ni cha dereva na konda, ndiyo mshahara wao. Humo humo wanatoa mafuta, wanatoa cha mpiga debe, wanatoa cha yule anayesimamisha gari barabarani. Nauli yenyewe haitulii: mvua ikinyesha inapanda, saa mbili usiku inapanda, abiria wakiwa wachache inashuka. Sasa mtu anakuletea mashine inayoandika kila shilingi iliyoingia na kumpelekea mwenye gari. Utaipenda? Mashine itakuwa mbovu kila siku, na ikipona itakosa chaji.

"Hata mwenye gari mwenyewe," kaka wa Nairobi akasema, "wengine hawakutaka. Pesa ikipita benki, KRA, watu wa kodi, nao wanaiona."

Hapo ndipo nilipomwambia kijana aangalie walioanzisha hii ya hapa. Mwaka 1994 kampuni za usafiri zenyewe, MTR, reli ya KCR, mabasi na boti, ziliungana zikafungua kampuni moja ya kadi. Wanaopokea nauli ndio wenye mashine. Basi na treni zilikuwa washindani, lakini kila mmoja alikuwa na hisa kwenye kadi, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuikata miguu. Halafu mazingira yakawasaidia. Abiria wa treni waliokuwa na tiketi za zamani za salio walipewa miezi mitatu tu kuzibadilisha. Na mwaka huohuo wa 1997 Waingereza walikuwa wanakabidhi Hong Kong kwa China, watu wakaanza kuficha sarafu zenye kichwa cha Malkia wakidhani zitapanda thamani, sarafu zikaadimika mitaani. Mji uliokosa chenji ukaletewa kadi. Ndani ya miezi mitatu zilitoka kadi milioni tatu.

Kaka wa Kigali alikuwa kimya anachovya chapati. Akasema kwao kadi imekaa. Kigali ukitaka kupanda basi unagusisha Tap&Go, bila hiyo hupandi, na hakuna konda wa kubembeleza. "Lakini kwetu njia za mabasi zina mikataba," akasema. "Dereva ameajiriwa. Hana cha kuficha, hana cha kupata."

"Na Dar?" kaka wa Nairobi akanigeukia. "Si mko na Mwendokasi?"

Tunayo, tangu Mei 2016. Tuna na N-Card inayokuvusha Kigamboni na kukuingiza Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga. Ila nilisema ukweli wangu: droo yangu nyumbani ina kadi ambazo sikumbuki zilikuwa za nini. Kila mradi ulikuja na plastiki yake, kaunta yake na dada wake wa kusajili, ukaondoka ukaniachia plastiki. Kadi ya usafiri ikikubalika mahali pamoja tu inakuwa tiketi ngumu. Hii ya hapa imekuwa fedha kwa sababu muuza maziwa anaikubali.

Kijana akauliza swali zuri, nalinukuu kwa sababu baba yake atalisoma: "Kwa hiyo konda alipwe mshahara kwanza, ndiyo kadi ije?"

Kaka wa Nairobi akamnunulia chai nyingine.

Alhamisi, kuvuka mpaka

Tungeweza kwenda Guangzhou kwa treni ya kasi. Nimechagua njia ya zamani, Lo Wu, kwa sababu ni rahisi mfukoni na kwa sababu nataka kijana aone mpaka unavyotembewa kwa miguu.

Kutoka East Tsim Sha Tsui ni kituo kimoja mpaka Hung Hom, kisha East Rail mpaka mwisho. Treni hii ina behewa la daraja la kwanza, na hakuna geti la kukuzuia. Ipo mashine ndogo ya kugusisha kadi ulipie ziada, kabla ya kukaa. Viti vyake vinavutia, mgeni anakaa tu, mkaguzi akipita na kimashine chake anajua kadi ipi imelipia na ipi haijalipia, na faini yake inauma. Nilimshika kijana mkono akiwa ameshaona kiti.

Lo Wu nauli ilikatwa nono. Safari ya kwenda mpakani ni ghali kuliko kwenda kituo cha jirani yake, na wote wanajua. Salio la kijana likawa chini ya sifuri: kioo kilionyesha alama ya kutoa mbele ya namba. Akasimama kama aliyeshikwa na mgambo. Lakini geti lilikuwa limeshafunguka. Kadi zinazotolewa tangu Oktoba 2017 zinaruhusiwa kushuka mpaka dola 50 chini ya sifuri, na ile amana ya dola 50 ndiyo inayolipa deni usipoonekana tena. Kampuni haipotezi, na wewe hukwami upande wa ndani wa geti. Aliyefikiria hilo alikuwa amewahi kukwama mahali.

Ukishavuka daraja na kugongwa muhuri, uko Shenzhen, na Octopus ya kawaida imegeuka kipande cha plastiki.

Tiketi ya treni ya Guangzhou tulikatia pasipoti. Kwenye geti za stesheni Wachina wanapita kwa kugusisha kitambulisho cha taifa, kile cha kizazi cha pili kilichoanza kutolewa 2004, chenye chipu ndani. Tiketi imefungwa kwenye namba ya mtu. Sisi wa pasipoti tulielekezwa kwenye geti la pembeni lenye mhudumu. Kijana alikumbuka kaunta ya Jumapili: "Kule hawataki jina, huku jina ndiyo tiketi."

Ijumaa, Guangzhou

Tumefikia Xiaobei. Hapa unaamka kwa sauti za watu wa Bamako, Lagos, Kinshasa na Temeke.

Metro ya Guangzhou ina kitu ninachokipenda. Tiketi ya safari moja ni kidude cha plastiki cha mviringo, ukubwa wa kifungo cha koti, chenye chipu ndani. Unaingiza noti ya yuani tano au kumi kwenye mashine, kinadondoka pamoja na chenji. Ukiingia unakigusisha juu ya geti. Ukitoka unakitumbukiza kwenye tundu, geti linafunguka, nacho kinarudi kutumika kwa mwingine. Safari za karibu huanzia yuani mbili. Hakuna karatasi chini, hakuna amana, hakuna kadi ya kuweka droo. Nadhani mtu wa mkutano wa siku moja Dodoma au wa mechi moja Dar angehudumiwa vizuri na kidude hiki kuliko kulazimishwa kununua kadi.

Wenyeji lakini hawatumii kidude wala kadi. Ni simu. Muuza viazi vitamu vya kuchoma ana karatasi ya msimbo wa QR imening'inia kwenye toroli. Nilimpa noti ya mia akaiangalia pande zote mbili, akaenda kuomba chenji duka la tatu. Kijana alikuwa ameunganisha kadi ya benki na Alipay tangu Dar na alijisikia mfalme asubuhi nzima. Alilipia maji, akalipia kava za majaribio, akanidhihaki na noti zangu. Saa tisa simu ikazima. Kila duka lina kabati la betri za kukodi. Ili kukodi betri, unaskani msimbo kwa simu.

Sikusema kitu. Nilinunua vidude viwili.

Kabla ya hapo tulikwenda Ijumaa kwenye Msikiti wa Xianxian, penye kaburi ambalo kwa mapokeo ya Waislamu wa China ni la Saad bin Abi Waqqas, swahaba wa Mtume. Nje ya geti ni soko: nyama ya kuchoma, tende, mikate. Watu wa Xinjiang, wa Afrika Magharibi, wa kwetu. Kwenye barabara hiyo noti inapokelewa bila kugeuzwa.

Mchana tulimaliza oda. Mzigo unabaki kwa wakala wa hapa, na bei ya kilo yake ni ya kibinadamu.

Jumamosi, kurudi

Kurudi tulipanda treni ya kasi, Guangzhou Kusini mpaka West Kowloon, kama saa moja. Ukaguzi wa pasipoti wa pande zote mbili unafanyika ndani ya stesheni ya West Kowloon, hivyo tangu 2018. Kijana alilala njia nzima.

Jioni nilitaka kuona ghala moja la simu zilizotumika Kwun Tong. Tukiwa Mong Kok nikampeleka makusudi kwenye basi dogo jekundu. Hong Kong ina mabasi madogo ya aina mbili, viti 16 au 19. Ya kijani yana njia maalumu na nauli iliyopangwa na serikali, unapanda unagusisha. Mekundu yanajipangia nauli yenyewe, hayana ratiba, yanaondoka yakijaa, na ukitaka kushuka unapiga kelele. Nyekundu nyingi zimeishi kwa hela taslimu muda wote ambao mji mzima umekuwa ukigusisha kadi.

Kijana alitafuta mashine mlangoni, akaona kisanduku cha sarafu na dereva mwenye taulo shingoni.

"Shangazi, hili daladala kabisa."

"Muulize gari ni la nani."

Kiingereza cha dereva kilikuwa kidogo, lakini abiria wa kiti cha mbele alitusaidia. Madereva wengi wa mekundu hukodi gari kwa zamu: wanamlipa mwenye gari kiasi cha siku, wananunua mafuta, kinachobaki ni chao. Na taksi nyekundu ni hivyo hivyo. Yule aliyetikisa kichwa Jumanne usiku alikuwa na hesabu ya kupeleka.

Kijana akanyamaza mpaka Kwun Tong. Alipofika aliita kushuka kwa Kiswahili, "Shushaaa!", na gari likasimama.

Jumapili, uwanja wa ndege

Kabla ya kuondoka tulipita kwenye mashine ya MTR ya kuangalia salio. Inaonyesha matumizi kumi ya mwisho, nikampigia picha kioo kwa ajili ya daftari la gharama. Hiyo ni risiti ambayo hakuna konda aliyewahi kunipa.

Kijana alitaka kurudisha kadi apate amana. Ukirudisha ndani ya siku 90 wanakata dola 11 za huduma, nikamwonyesha. Akapiga hesabu, akauliza nani mwingine anakuja karibuni. Kuna jirani yangu wa duka anasafiri mwezi ujao, na kadi isiyo na jina inaazimika. Akampigia simu palepale tukiwa kwenye foleni ya mizigo.

"Mama, nina kadi ya basi ya Hong Kong, ina dola ishirini na saba. Nitakuuzia."

Sauti ya mama wa watu ikasikika mpaka kwangu: "Mwanangu, utaniuzia kitu alichokununulia shangazi yako?"

Wameafikiana kwa ishirini.